Mama Halo na Fundi wa Mageti

Kwa miaka kumi na tisa, kila aliyepiga simu hospitalini kwetu alipokewa na mwanamke asiyeona. Wapigaji wengi hawakulijua hilo. Walichokijua ni ile "halo" yake, iliyotoka kama vile alikuwa anakungoja wewe tu tangu asubuhi, na ndiyo maana sote, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, tulimwita Mama Halo. Mimi nilikuwa karani wa mafaili, na meza yangu ilikuwa chumba kimoja na mitambo yake ya simu. Namba za ofisi na wodi zote alikuwa nazo kichwani. Watu aliwajua kwa nyayo. Ukijaribu kupita kwa kunyata, alikuuliza viatu umeazima kwa nani.

Alipofuka akiwa na miaka ishirini na miwili, kwa presha ya macho. Alinisimulia mara moja tu. Alisema mwaka mzima alilala ameugeukia ukuta, na wahubiri watatu walipita kwa zamu kumwombea aone. Wa tatu, alipoona macho hayafunguki, akamwambia imani yake ni haba.

"Huyo ndiye aliyenipofua mara ya pili," alisema.

Aliyemwinua ni shangazi yake, ambaye hakuahidi lolote. Alikuja kila Jumatano na kapu la nguo zilizokauka, wakazikunja pamoja, akasali sala fupi na kwenda zake. Jumatano baada ya Jumatano, mpaka siku moja Mama Halo akamwuliza kuna kazi gani anayoweza kuifanya mtu mwenye masikio tu.

Sasa kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti. Mtungi wa gesi ulimlipukia usoni, akalazwa kwetu miezi miwili, akaruhusiwa akiwa haoni. Kila Jumatatu asubuhi alipiga simu kuuliza kama daktari wa macho ana habari mpya. Mwanzoni alikuja na utani wake, kwamba maisha yake yote kazungushia watu mageti na sasa kafungiwa nje ya lake mwenyewe. Kisha utani ukapungua, akawa anasimulia habari za mkutano wa maombi na mhubiri aliyemwahidi kwamba Jumapili ya tatu ataona. Jumapili ya tatu ikapita, na ya nne. Mhubiri akamwambia achunguze moyo wake.

Simu yake ya mwisho haikuja Jumatatu. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, na hakumwulizia daktari.

"Dada, umenivumilia sana," alisema. "Wape na wenzako asante. Sitawasumbua tena."

Akakata. Mama Halo aliweka chini mkono wa simu, akanieleza alichosikia na kuniuliza kama anwani ya yule fundi iko kwenye faili. Nikamkumbusha kwamba kutoa anwani ya mgonjwa ni kosa.

"Najua," akasema. "Isome."

Nikaisoma. Akaniagiza nimpigie dada wa fundi, ambaye namba yake iliandikwa humo humo, na nisiache mpaka apokee. Mitambo akaniachia mimi. Nilipolalamika kwamba siijui, alishafika mlangoni na fimbo yake nyeupe. Mkuu wa utawala alimkuta kwenye ngazi, akamkumbusha kwamba saa hizo yuko kazini. Alimjibu kwamba ndiyo, yuko kazini, akaendelea kushuka.

Dada mtu alipokea mara ya nne, akasema anatoka kazini sasa hivi. Saa iliyofuata sitaki kuikumbuka: mama wa watu aliyetaka wodi ya wazazi nilimwunganisha na fundi bomba.

Yaliyotokea kule nilisimuliwa na Mama Halo na fundi, wote wawili. Dereva wa teksi alimfikisha Mama Halo mpaka mlangoni. Alibisha. Akabisha tena, na sauti ya ndani ikauliza ni nani.

"Halo," akasema.

Kitasa kikazunguka. Fundi akamwuliza kwa uchungu kama naye amekuja kumwombea macho.

"Sikuja kukuahidi macho. Yangu yana miaka thelathini hayajarudi."

Hakuwa amejua. Alinyoosha mkono, akakutana na ile fimbo, akaipapasa mpaka chini. Mama Halo hakuzunguka mbuyu. Alimwuliza kama alikuwa amepanga kujiua siku hiyo, naye akakubali. Akamwomba alichokiandaa, akakitia mkobani na kufunga zipu. Ndipo fundi akalia, akasema Mungu amempima akamwona hana uzito, akamtupa.

"Aliyekupima ni mtu," Mama Halo akamwambia. "Yesu mwenyewe alilia msalabani kwamba ameachwa. Ukilia hivyo, ndugu yangu, uko karibu naye kuliko unavyodhani. Na kaburi halikumweza. Mimi nimeshika hapo miaka yote hii, gizani. Kama wewe leo huwezi kushika, basi nishike mimi mkono mpaka dada yako afike."

Dada alifika mbio, aproni ya kazini bado kiunoni, akawakuta wamekaa kizingitini wameshikana mikono. Kabla ya jua kuzama walikuwa wamemleta hospitalini kwa daktari wa akili.

Mama Halo alipata onyo la maandishi. Alinitaka nilisome kwa sauti mara mbili, akasema lina Kiswahili kizuri. Nami nikapata langu.

Kila Jumamosi Mama Halo alikwenda kwa fundi. Wiki mbili za kwanza fundi alijifungia chumbani, na mgeni akanywa chai na dada mtu. Wiki ya tatu alitoka. Mama Halo akamfundisha kuhesabu hatua, kushika fimbo, kumimina chai kidole kikiwa ukingoni mwa kikombe. Siku alipojigonga kwenye meza na kumporomoshea matusi, Mama Halo alimwambia kwamba kwenye simu ameshatukanwa na mabingwa, ajitahidi zaidi. Fundi akacheka, ikawa mara ya kwanza tangu mtungi ulipuke.

Mwezi wa nane tangu siku ile alirudi karakanani. Kuchomelea anachomelea mwenzake. Yeye anapima kwa ufito aliouchonga alama, na anakagua maungio kwa kidole gumba, hata mafundi wenye macho wanamwogopa. Kanisani hukaa karibu na mlango. Bado kuna siku anasema Mungu ana maelezo ya kumpa, na Mama Halo humwambia ayadai kwa Mungu mwenyewe, kwenye sala.

Siku hizi wodi ikipata mtu aliyepoteza macho, huwa wanaitwa wote wawili. Mwezi uliopita Mama Halo alishikwa na mafua, na fundi akaenda peke yake kwa mwalimu mmoja ambaye alikuwa hajala kwa siku tatu. Alirudi chumbani kwetu amechoka.

"Nimeongea vibaya sana," alisema. "Hata sala nimeikosea katikati."

"Amekula?" Mama Halo akamwuliza, pua imeziba.

"Nusu sahani."

"Basi kesho rudi."

Na kesho yake saa nne nilisikia fimbo yake ikigonga ukuta wa korido, akielekea wodini.