Wakili Aliyechaguliwa kwa Friji Lake

Mtaani kwetu mume wangu anaitwa Fundi Baridi. Anatengeneza mafriji, na watani wake huongeza kwamba hata hasira zake ziligandishwa zamani. Ni kweli. Tangu tuoane sijamsikia akimpandishia mtu sauti. Mteja akimwamsha alfajiri kwa friji ambalo halijachomekwa kwenye umeme, atabeba begi lake, ataenda, atalichomeka, atarudi, na hatamwambia mwenye friji neno la kumwaibisha. Watu wanampenda sana. Mimi ndiye ninayekaa naye.

Ana jambo moja analoliamini kuliko yote: kwamba mtu hujulikana kwa friji lake. Sebuleni watu hupanga makochi kwa ajili ya wageni, anasema, lakini friji hakuna anayelipangia mgeni. Akitoka kazini ananieleza tabia za watu ambao mimi nawajua vizuri kuliko yeye. Fulani ni mkweli, vyakula vyake vimefunikwa. Fulani ni mwongo, ana chupa tatu za sosi zilizofunguliwa kwa pamoja. Nilikuwa nasikiliza huku nakatakata vitunguu, nikiona ni maongezi tu ya mtu aliyechoka. Sikujua kwamba siku moja tungechagua wakili kwa njia hiyo.

Nyumba tunayokaa tuliipanga watoto wakiwa wadogo. Ina vyumba vitatu, na nyuma ina uwanja. Kwenye uwanja kuna kibanda cha bati ambamo mume wangu hufanyia kazi, kuna tangi la maji, na kuna mlango wa chumba cha mama mkwe wangu. Macho ya mama mkwe yalizima polepole, lakini uwanja anaujua. Asubuhi anatoka peke yake, anapapasa ukuta mpaka kwenye tangi, ananawa, anavuta kiti chake juani. Haniiti. Anayemwongoza bila kuombwa atajua mwenyewe.

Mwenye nyumba alipofariki, mwanawe akatuambia anauza. Huyu tulimzoea toka akiwa mwanafunzi, tunamwita Bosi Mdogo, kwa sababu hata enzi zile alikuwa akija kukagua bomba akiwa amefunga mikono nyuma. Akasema sisi ndio tutapewa nafasi ya kwanza. Benki ikakubali kutukopesha. Kilichobaki ni wakili wa kusimamia ununuzi na kutuhamishia hati.

Binti yangu mkubwa, ambaye mambo yake yote yamo ndani ya simu, alipata wakili wa mji mwingine kabisa. Unamtumia picha za karatasi, naye anakujibu kwa ujumbe. Nikauliza, siku kukiwa na tatizo nitakwenda kugonga mlango gani? Akasema siku hizi hakuna kugonga milango. Nikakataa. Mtu atakayeshika nyumba yangu nataka nimjue anakotoka na anakorudi jioni.

Basi wa karibu. Hapo mume wangu akachangamka, akasema wa karibu yupo, tena hodari, yule mwenye ofisi ghorofani juu ya duka la dawa. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni hodari. Akasema aliwahi kumtengenezea friji la nyumbani kwake. Kila kitu kimefungwa, maziwa mbele, mboga chini, hata ndimu zimepangwa kwenye kikapu chake. Nikamwambia ndimu hazisomi mikataba. Akacheka kwa ule upole wake unaonichosha, na kesho yake akaenda kumkabidhi kazi. Mimi sikusoma kufika mbali, na mambo ya mawakili yananitisha, kwa hiyo nikanyamaza. Lakini nilinyamaza macho yakiwa wazi.

Wakili wa Ghorofani alikuwa mtu wa kupendeza. Ukienda anasimama, anakuvutia kiti. Kila nikiuliza tumefika wapi anasema, "Mama, ondoa shaka, mambo yanakwenda." Nikiuliza yanakwenda wapi anarudia kwamba yanakwenda. Nikirudi nyumbani kumweleza mume wangu kwamba sijaambiwa chochote, ananiuliza, sasa wewe ulitaka uambiwe nini, na mtu amekwambia yanakwenda?

Asubuhi moja nikiwa natandika kitanda nikasikia mama mkwe anauliza, nani? Akauliza tena. Mama mkwe akiuliza mara mbili ujue hakuna aliyemjibu. Nikatoka mbio. Nikamkuta Bosi Mdogo uwanjani na fundi mwashi, wamenyoosha kamba ya kupimia toka kwenye tangi mpaka kwenye kibanda cha mume wangu. Fundi mwashi amesimama juu ya kiti cha mama mkwe ili achungulie nyuma ya ukuta, na mwenye kiti ameegemea mlango, mkono hewani, anatafuta pa kukaa.

Nikamwamkia Bosi Mdogo kwanza, maana adabu ni adabu, kisha nikamuuliza wanapima nini.

"Vyumba," akasema. "Vinne vidogo, vya kupangisha."

"Kwenye uwanja wetu?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa shati kinyume. "Kwani mzee hakukwambia, mama? Nyumba ndiyo nawauzia. Uwanja nabaki nao. Wakili analijua hilo."

"Wakili yupi?"

"Si huyuhuyu wetu. Wa pale juu ya duka la dawa. Ndiye aliyeshughulikia mirathi ya marehemu mama yangu."

Nikamtoa fundi mwashi kwenye kiti, nikamkalisha mama mkwe, nikajifunga mtandio, nikaenda ofisini kwa Wakili wa Ghorofani bila hata kubadilisha kandambili.

Hakukana. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Alisimama kama kawaida, akanivutia kiti, akasema ni kweli anamsimamia muuzaji na anatusimamia na sisi, na kwamba mtaani hapa ni jambo la kawaida, linarahisisha kazi, watu wote wanafahamiana. Kuhusu uwanja, alidhani Bosi Mdogo ameshatuambia. Nikamuuliza kwa nini yeye, wakili wetu, hakutuambia. Akasema hakutaka kuingilia maelewano ya pande mbili.

Nikamuuliza, "Siku sisi na yeye tukigombana, baba, wewe utakaa upande gani wa meza?"

Akatabasamu. Akasema, "Mama, kwani kuna ugomvi?"

Nilishuka ngazi nikiwa naongea peke yangu, mpaka muuza dawa akatoa kichwa nje kuangalia.

Mume wangu nilimkuta kibandani, friji la mtu limelala kifudifudi mbele yake. Nikamwambia yote. Akasema na yeye ndiyo kwanza anasikia. Akasema huenda wakili alisahau. Nikamwambia mtu aliyezipangia ndimu kikapu hasahau uwanja mzima. Akasema, basi labda tukubali, nyumba tutakuwa nayo, kibanda atakihamishia mbele, barazani. Nikamwambia mbele hakuna baraza, kuna ngazi mbili na barabara. Nikamwambia wapangaji wa vyumba vinne watapita usiku na mchana mlangoni kwa mama yako, na ukuta anaoupapasa utakuwa umeegemezwa baiskeli. Akaendelea kukaza skrubu. Nikamuuliza kama anasikia.

"Nasikia," akasema. "Ila sitaki tuonekane wakorofi."

Kuna mtu huwezi kugombana naye, kwa sababu unaposukuma, anasogea kukupisha. Ukimaliza kusema unajikuta umeanguka mwenyewe. Nikatoka nje nikafua nguo zilizokuwa safi.

Wakili mwingine wa mtaani kwetu ni mwanamke, ana chumba kimoja pembeni ya mashine ya kusaga. Watu wanamwogopa kwa sababu hamwachi mtu amalize sentensi, anaikata. Nilipomtaja, mume wangu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, aliweka bisibisi chini. Akasema yule hapana. Aliwahi kuitwa kutazama friji la ofisini kwake, akakuta limekufa siku nyingi na ndani hakuna hata chupa ya maji. Limejaa majalada ya wateja, kwa sababu panya hawawezi kuingia. Akajitolea kulitengeneza kwa bei ya urafiki, yule mama akakataa, akasema alimwita ili akaze bawaba tu. Nilivyomwona mume wangu, jambo lile lilikuwa bado linamuuma.

"Mtu anayegeuza friji kuwa kabati," akaniambia, "atashindwa kugeuza nini?"

Nikamjibu kwamba majalada yetu sisi hayajulikani hata yako wapi.

Nilikwenda peke yangu. Nilieleza kwa kubabaika, yule mama akinikata kila mara: nani kasema, lini, mbele ya nani. Nilitoka jasho kama niko polisi. Mwisho akaniuliza swali ambalo Wakili wa Ghorofani hakuwahi kuniuliza: huo uwanja unaingiliwa wapi? Nikamwambia unapita kwenye ujia, kati ya jiko langu na ukuta wa jirani. Akachukua mwavuli wake, akasema twende.

Alitembea uwanja mzima, kona kwa kona, matope yakimpanda kwenye viatu. Alimsalimia mama mkwe, akamuuliza na yeye amekuwa akiona njia gani watu wakipita. Mama mkwe akamwambia, mwanangu, mimi sioni, lakini nasikia, na tangu nihamie hapa miguu yote inatokea jikoni. Yule mama akacheka, nikashangaa kuwa anajua kucheka. Kisha akamwandikia mwenzake wa ghorofani kwamba sasa sisi tuko kwake, na akamtaka Bosi Mdogo aje palepale uwanjani.

Bosi Mdogo alikuja amefunga mikono nyuma. Mume wangu alikuwepo, lakini alisimama karibu na tangi kama fundi aliyeitwa kwa shughuli nyingine.

"Hivyo vyumba vyako vinne," akauliza wakili, "wapangaji wataingilia wapi?"

"Si hapa kando."

"Hapo kando ni sehemu ya nyumba. Unaiuza."

"Watapita tu, mama. Kupita si kuchukua."

"Kupita kila siku, mpaka wajukuu wao, ni kuchukua. Huyu mama akijenga ukuta hapa baada ya kununua, utamshusha mpangaji kwa kamba?"

Bosi Mdogo akafungua mikono yake. Akasema kama ni hivyo atamuuzia mtu mwingine asiye na maneno mengi. Wakili akamwambia amuuzie, ila huyo naye akija na wakili wake ataulizwa swali hilohilo. Bosi Mdogo akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo shida yangu ilipoanza hasa. Siku zikapita, kimya. Nikaona watu wageni wakisimama ng'ambo ya barabara wakiangalia paa letu. Mume wangu hakunilaumu kwa mdomo. Alianza kukusanya vifaa vyake kwenye maboksi, kimyakimya, kimoja kimoja, akiandika juu kilichomo ndani. Ningependa anifokee. Mama mkwe alikuwa akisikia maboksi yanaburutwa, akauliza tunahamia wapi. Nikamwambia hatuhami. Akauliza, basi mwanangu anafunga nini? Nikajitia nashughulika na sufuria. Kila nikipita kwenye mashine ya kusaga nilitamani kuingia nimwambie yule mama aandike barua ya kuomba radhi. Sikuingia. Niliogopa atanikata kabla sijamaliza.

Bosi Mdogo alirudi mwenyewe. Uso wake ulionyesha ameulizwa lile swali zaidi ya mara moja. Akasema atauza vyote pamoja, nyumba na uwanja, yaishe. Tulitia saini kwenye kile chumba cha pembeni ya mashine, unga ukipeperukia mezani. Wakili alitusomea mkataba mzima kwa sauti, na kila mume wangu alipoitikia kwa kichwa, alimsimamisha amweleze alichoelewa. Mume wangu alitoka pale kama aliyetoka kwenye mtihani wa darasa la saba. Hati ilipokuja na majina yetu, nilimpelekea mama mkwe aishike. Akaipapasa, akasema ni nyepesi.

Ungedhani sasa nimetulia. Wiki hiyohiyo nikiwa jikoni nikasikia gari likinguruma kwenye ujia. Gari dogo la mizigo, limejaa mbao na mabati mpaka juu, na Bosi Mdogo amekaa mbele kando ya dereva. Nikasimama katikati ya njia, mwiko mkononi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa mshangao wa kweli kwamba mzee amemruhusu aweke vifaa vyake vya ujenzi uwanjani mpaka apate kiwanja kingine.

Mume wangu akatokea kibandani, anafuta mikono.

"Mama watoto," akasema, "ni kwa muda tu. Ameniomba vizuri."

Kama ningefungua mdomo, mtaa mzima ungesikia. Nilibaki nimesimama, na dereva akazidi kukanyaga mafuta kunitisha. Mume wangu akanitazama, akazitazama mbao. Nyuma yake mama yake alikuwa ametoka, mkono mmoja ukutani, anasubiri ajue ni gari la nani.

"Haitawezekana," mume wangu akasema.

Aliisema kama anamwomba mtu samahani, na kwa ngurumo ile Bosi Mdogo hakusikia kitu. Nikamwambia aseme tena, kwa sauti. Akanitolea macho. Akapaaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia: "Haitawezekana, bwana. Rudi nazo."

Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo, akapita kando yangu, akaenda nyuma ya gari kumwongoza dereva kwa mikono miwili, aende taratibu, asikwaruze.