Chepsabuni wa Keringet

Lori lililopeleka pareto Nakuru lilikuwa likirudi tupu, nami nilikaa nyuma yake juu ya magunia matupu, nimejifunika turubai. Tangu Molo mvua ilikuwa haijatuacha. Tulipofika Keringet, dereva wetu Ogola alizima injini akatangaza kwamba yeye amefika. Nilikuwa nikielekea Sotik, lakini barabara ya mbele ilikuwa tope tupu, na gari jingine lisingepita mpaka katikati ya juma. Keringet sikumjua mtu.

"Nenda kule kanisani, mzee," Ogola akaniambia. "Uliza nyumba ya Chepsabuni. Utakula, utalala."

Kikipsigisi changu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia, lakini kilinitosha kujua kwamba majina mengi ya wasichana wa huko huanza na Chep. Chepngeno nilimsikia, Cheptanui nilimsikia. Chepsabuni sikuwahi kumsikia popote.

Kanisa lilikuwa la mbao, limeezekwa kwa madebe yaliyobondwa, na nyuma yake nyumba ya mjane mzee aitwaye Chepngeno. Aliyenifungulia mlango hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, masikio yametobolewa kama ya Wakikuyu wa zamani, akanisalimu kwa Kikipsigisi chenye mdundo wa Kikikuyu. Akanivua koti lililolowa, akanikalisha karibu na moto, akanimiminia mursik kutoka kibuyu kirefu cheusi. Maziwa yaligandishwa vizuri, ya rangi ya majivu kwa mkaa wake, na yalinikata kiu na baridi pamoja.

"Kunywa bila hofu," Chepngeno akasema kutoka kitandani pake. "Siku hizi hayana povu."

Wote wawili wakacheka, na hapo nikasimuliwa.

Yule aliyenifungulia mlango ndiye Chepsabuni, na jina lake halisi ni Wachuka. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu karibu na Elburgon, akakulia jikoni kwa mzungu huyo, ambako chombo kilihesabiwa kuwa safi kikiwa cheupe. Mwaka wa 1953, wakati wa hali ya hatari, mumewe Mburu alichukuliwa akafungiwa kizuizini, na Wakikuyu wote wa shamba lile wakafukuzwa. Wachuka na binti zake wawili walipelekwa kwenye kambi ya Nakuru kungoja kusafirishwa hadi kwao. Lakini hakuwa na kwao kwingine. Huko Murang'a walikotoka wazazi wake hakuwahi hata kukuona.

Mchungaji wa Keringet, Jonah Kimaiyo, alikuwa akienda kuomba na watu wa kambi. Alirudi akawaambia waumini wake kwamba amechoka kuwaombea watu halafu kuwaacha kwenye tope. Kanisa likaahidi kuzichukua familia nne, na mkubwa wa kambi, pengine kwa kupenda nafasi zaidi, akakubali. Chepngeno akasema nyumba yake ni kubwa kwa mtu mmoja.

Juma la kwanza Wachuka hakulala vizuri kwa kufikiria atalipa nini. Alichotoka nacho kambini ni blanketi na kipande cha sabuni alichokuwa akikitumia kwa uchoyo miezi mingi. Asubuhi moja, Chepngeno akiwa shambani, alikitazama kibuyu cha maziwa kilivyo cheusi ndani, akakihurumia. Akakisugua kwa mchanga na kwa ile sabuni yote mpaka kikawa cheupe. Hakujua kwamba weusi ule ni mkaa wa mti wa senetwet, unaopakwa ndani tabaka juu ya tabaka, na kwamba kibuyu kile kilikuwa cha mamake Chepngeno.

Jumapili maziwa yaliyogandishwa humo yalipewa wazee. Mzee Kemboi, msema kweli wa kanisa lile, alipiga funda moja, akatoka nje, akarudi akifuta midomo.

"Leo nimebatizwa mara ya pili," alisema, "na mara hii kwa ndani. Huyu mumwite Chepsabuni."

Chepngeno alikasirika siku nyingi. Kisha binti za Wachuka wakamwambia sabuni ile ilikuwa ndiyo yote waliyokuwa nayo. Siku hiyo alikata kijiti cha senetwet, akamwita Wachuka, akamwonyesha jinsi ya kukichoma, kukiingiza ndani ya kibuyu kikiwaka, na kusagia makaa kwenye kuta zake taratibu. Walikipaka upya pamoja. Ilichukua misimu miwili kibuyu kurudia ladha yake.

Sasa ulikuwa mwaka wa 1957, na habari ilikuwa imefika kwamba Mburu ameletwa Nakuru na anaweza kuachiliwa. Ofisi ya Nakuru ilitaka jambo moja: watu wa mahali wakubali kumpokea. Wasipokubali, angepelekwa Murang'a, naye Wachuka angelazimika kumfuata au kumkosa. Kanisa lingeamua kesho yake.

Baada ya ibada Mchungaji Jonah aliwaomba watu wabaki. Nilikaa benchi la nyuma. Mzee Kemboi alisimama kwanza, na maneno yake hayakuwa ya kipumbavu. Mama na watoto kanisa liliwapokea kwa moyo, alisema, wala hajutii. Lakini mwanamume aliyekaa kizuizini miaka minne hawamjui, na likitokea jambo, askari watakuja kuuliza kwao. Baadhi walitikisa kichwa kukubaliana naye. Wachuka alikuwa ameinamia mikono yake.

"Simfukuzi Chepsabuni," Kemboi akamalizia. "Nasema tu, mtu wa Chepsabuni tutamjuaje?"

Chepngeno hakusimama, maana miguu ilikuwa ikimuuma. Aliongea palepale alipoketi.

"Kemboi, jina hilo alipewa na nani?"

Akajijibu mwenyewe.

"Ni wewe. Hukumwita Mkikuyu, hukumwita mgeni. Ulimpa jina la wasichana wetu, na leo kijiji kizima kinalitumia. Huwezi kumpa mtu jina la kwetu, halafu mumewe akija uulize ni wa nani. Ni mkwe wako."

Kicheko kilianzia kwa akina mama kikafika kwa wazee. Kemboi alijaribu kubaki na uso wake wa ukali, akashindwa.

"Haya," alisema. "Lakini atakunywa kwangu kwanza. Nione kama na yeye ni mtu wa kuosha."

Mchungaji akaomba wanaokubali wasimame. Benchi ziligongana. Wachuka naye alisimama, akataka kushukuru, na Kikipsigisi kikamtoroka, Kiswahili pia. Alishukuru kwa Kikikuyu, na hakuna aliyemwomba atafsiri.

Jumatatu asubuhi Ogola alipakia magunia ya pareto, Mchungaji Jonah akapanda juu yake kwenda kutoa neno la kanisa kule ofisini. Wachuka alipewa nafasi ya mbele. Chepngeno alitembea kwa fimbo mpaka barabarani, akampitishia dirishani kibuyu cha mamake, kimejaa, kimefungwa kwa kitambaa.

"Mpe Mburu anywe kabla hamjaanza safari ya kurudi," alimwambia.

"Nitampa, kogo," Wachuka akajibu, akimwita bibi kwa lugha ya pale. "Na mabinti?"

"Wako kwangu. Nenda."

Lori likateremka kuelekea Molo likiteleza kidogo kwenye kona. Mimi gari langu lilikuwa halijaja. Chepngeno alinishika mkono, tukapanda polepole kurudi nyumbani, akiniuliza kama najua kukata kuni, maana Mburu akifika kutapikwa chakula cha mtu mmoja zaidi.