Sura ya Adrian kwenye Lenzi Kuukuu

Faustina Kalinga alikuwa na chumba cha picha pale Iyunga, Mbeya, kando ya barabara kuu inayokwenda Tunduma: pazia jeupe ukutani, stuli moja, na kioo cha wateja kujiweka sawa. Kazi zake zilikuwa paspoti, mahafali, kipaimara na harusi za watu wa kawaida. Kwao ni Iringa, jirani na Tosamaganga, kwa mzee Aroni Kalinga na mama Veneranda. Mbeya alikuja kusoma, akaolewa, akaachika, akabaki na kamera.

Kamera yenyewe ilikuwa ya dijitali, ya kisasa, ingawa aliinunua kwa mtu, imeshatumika. Lenzi yake ilianguka kwenye sakafu ya ukumbi katikati ya harusi, mota ya ndani ikafa, ikawa inakoroma tu bila kukamata kitu. Lenzi mpya ya aina ile hakuiweza. Alikaa bila kazi mpaka siku alipopita Mwanjelwa kwenye meza ya Fanueli, muuza mitumba ya vyombo vya umeme. Katikati ya pasi na redio mbovu aliona lenzi ya chuma, nzito, ya enzi ambazo baba yake alikuwa bado kijana. Fanueli alikuwa ameiweka juu ya magazeti ya kufungia yasipeperuke.

"Hiyo haina kazi dada," Fanueli alimwambia. "Nipe tu hela ya soda uondoke nayo."

Faustina akaagiza Dar es Salaam adapta, yaani pete ya chuma ya kuunganisha lenzi ya zamani na kamera mpya, akaifunga. Kuanzia hapo kila kitu kikawa cha mkono. Kamera haikumtambua mgeni yule wala haikumsaidia. Pete moja ilifungua mwanga, nyingine ilitafuta fokasi, na Faustina aliizungusha polepole huku amebana pumzi, maana akifungua tundu lote la mwanga, sehemu inayotoka kali haizidi upana wa ukucha. Kope zikikamatwa, pua imeshayeyuka. Tena ndani ya kioo kulikuwa na kuvu, utando mwembamba, na kila mwanga uliopita hapo ulimwagika pembeni kama maziwa.

Mtu mwingine angeirudisha. Faustina aliipenda siku ya kwanza. Picha zake zilitoka kama mtu anayekumbukwa, si mtu anayetazamwa. Aliziweka mtandaoni, na vijana wa mjini wakaanza kumfuata Iyunga. "Dada, tupige zile za ukungu." Alinunua lenzi nyingine kuukuu, kisha nyingine, lakini hiyo ya Fanueli ndiyo haikutoka kwenye kamera.

Taabu ilikuwa kumpata mtu wa kutulia. Wateja walicheka, walipumua, waligeuka kuitika simu, na fokasi ikapotea. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kukaa mbele ya lenzi ile bila kutikisika, naye ni mdogo wake, Adrian.

Adrian alikuwa chuo cha ualimu alipoanza kusikia sauti. Walimrudisha nyumbani akiwa hajui hata jina la mama yake. Dawa zilimtuliza, akawa mpole, mzito kidogo wa maneno, mtu wa kufuata jua kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine. Miezi kadhaa alikaa Iringa kwa wazazi, miezi kadhaa kwa dada yake Mbeya. Ukimwambia kaa, anakaa. Faustina alimpiga akiwa dirishani, akiwa nyuma ya mvuke wa chungu, akiwa ameinama kwenye baridi ya asubuhi, jua limemtokea kisogoni. Picha zilikuwa mamia. Katika nyingi lilionekana sikio, au vidole, au kope za jicho moja, na Adrian aliyebaki alikuwa mwanga na moshi.

Siku moja Adrian alichungulia kwenye kioo cha kamera akauliza, "Dada, mbona mimi sionekani?"

"Unaonekana. Ndio uzuri wake huo."

Adrian akacheka kidogo. "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Mwezi wa Novemba, mvua za kwanza zilipoanza, wazazi waliagiza Adrian arudi awasaidie kulima. Alikuwa mzima wakati ule, na safari hiyo alishaifanya peke yake zaidi ya mara moja. Faustina alikuwa na harusi ya kupiga Mwanjelwa. Alimpandisha basi la Iringa, akamwekea dawa kwenye mfuko wa shati, akamwomba kondakta amwangalie, akakimbilia kazini. Basi liliposimama Chimala watu washuke kula, Adrian alishuka nao. Hakurudi kwenye kiti. Kondakta aligundua baadaye, basi likiwa limeshapita Makambako, alipoona begi halina mwenyewe.

Mzee Aroni alisubiri stendi ya Iringa mpaka mabasi ya siku ile yakaisha.

Faustina alifika Chimala kesho yake. Alizunguka migahawani, kwenye mashine za mpunga, mitaroni. Kisha akaenda kituo cha polisi. Askari wa zamu alimsikiliza vizuri, akaandika, akamwambia, "Lete picha yake."

Faustina akafungua simu. Askari akapangusa picha ya kwanza, ya pili, akaendelea kupangusa. Akainua uso.

"Hii ni nini?"

"Ni yeye. Hapo alikuwa jikoni kwa mama."

"Mimi naona moshi, mama. Huna picha ya kawaida? Ya mtu ametazama mbele?"

Hakuwa nayo. Kadi ya kura Adrian alikuwa ametembea nayo. Nyumbani Iringa kulikuwa na picha moja ya darasa la saba, mtoto mwenye masikio makubwa kwenye mstari wa nyuma. Faustina, ambaye kila wiki aliwapiga paspoti watu asiowajua, taa mbele, masikio yote mawili yaonekane, hakuwahi kumkalisha mdogo wake kwenye ile stuli. Alisimama mbele ya meza ya askari akaendelea kupangusa, kana kwamba picha isiyokuwapo ingejitokeza kwa kutafutwa.

Usiku hakulala. Asubuhi alichagua ile iliyoonyesha sura kuliko zote: upande mmoja wa uso, jicho moja, ndevu kidogo. Akaipeleka kwa rafiki yake Juliana, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale Mwanjelwa, watengeneze tangazo. Juliana aliitazama kwenye kompyuta, akaongeza mwanga, akapunguza, akarudisha ilipokuwa.

"Faustina," alisema, "usinichukie. Hapa sura iko wapi?"

"Chapa hivyo hivyo."

Kwenye kopi nyeusi na nyeupe jicho likawa doa, na ndevu zikashikana na kivuli cha ukuta. Lakini walichapa, na Faustina akabandika Igurusi, Chimala, Igawa, Rujewa, hadi Ubaruku, kwenye nguzo, milango ya maduka na mbao za matangazo za makanisa. Simu zikaanza. Mtu wa Tunduma alimwona akibeba mizigo. Mtu wa Makambako alimwona akiomba mkate. Faustina alikwenda kote. Mara zote alikuta mtu mwingine: mzee, mlevi, kijana wa miaka kumi na tisa aliyemkasirikia. Picha ile ilifanana na kila mtu. Nani wa kumlaumu? Aliwashukuru, akaingia barabarani tena.

Mama Veneranda alikuwa akipiga kila jioni. Mwanzoni aliuliza, "Umepata?" Baadaye akawa anamsalimu tu kwa Kihehe, "Kamwene, mwanangu," anasikiliza sauti ya Faustina, halafu anakata.

Masika yalipita. Matangazo yakachanika, mengine yakafunikwa na matangazo ya mikutano ya injili. Mwezi wa Juni Faustina aliacha kubandika. Aliamua kwenda na mdomo wake. Kila siku ya gulio alisimama kwenye soko moja la bonde la Usangu akaeleza: kijana wa Kihehe, mrefu, bega la kushoto liko juu kuliko la kulia, haongei sana, akikusalimu anakushika mkono kwa mikono yake yote miwili na hakuachii mpaka umchekee, akifanya kazi anaimba sauti ya nne ya nyimbo za kanisani, sauti ya nne peke yake, bila zile tatu.

Ubaruku, kati ya akina mama waliouza samli, mmoja aliacha kupima. Alikuwa mwanamke wa Kisukuma, mkubwa kidogo kwa Faustina, mtandio wa kijani kichwani. Alisimama akafuta mikono.

"Mikono yote miwili?" aliuliza.

"Yote miwili."

"Na hakuachii?"

Faustina aliitikia kwa kichwa. Mwanamke yule akamshika bega, akamtoa kwenye kelele za soko, akamkalisha kwenye gunia. Jina lake Roza. Mume wake, Ndalahwa, alihamia bondeni huku na ng'ombe kutoka kaskazini wakati Roza bado mchumba. Roza akasema, "Mdogo wangu, twende nyumbani. Haya si ya kuambiana hapa."

Faustina alijua palepale. Alipanda nyuma ya pikipiki akiwa anajua, akavuka mashamba ya mpunga uliovunwa akiwa anajua, na bado alipofika kwenye mji wa Ndalahwa macho yake yalitafuta mtu mrefu kwenye kila kivuli.

Ndalahwa alikuja kutoka zizini, akavua kofia. Alieleza yeye, polepole. Kijana aliwatokea mwezi wa kumi na mbili akiwa hana viatu, akashika mikono ya kila mtu. Jina hakusema, ukimwuliza anatabasamu. Wakamwita Mhehe, kwa jinsi alivyosalimu. Alisuka kamba, alichunga ndama, alikula nao. Kuna siku alizungumza na watu wasiokuwepo, lakini hakumdhuru mtu. Mtendaji wa kijiji aliarifiwa, akaulizia huku na huku, hakujitokeza ndugu. Mwezi wa tatu, bonde zima likiwa maji, alishikwa na homa. Walimweka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka zahanati. Maji yaliwazuia njiani. Alifia kwenye mkokoteni, Roza amemshikia kichwa.

"Tulimzika kama wa kwetu," Ndalahwa alisema. "Mtendaji alikuwepo. Mwalimu wa kanisa alisali."

Faustina alitoa tangazo kwenye mkoba, kopi moja iliyobaki, akamwonyesha Roza. Hata yeye hakujua kwa nini anafanya hivyo.

Roza alilishika kwa mikono miwili.

"Hii niliiona," alisema. "Pale dukani Ubaruku. Kusoma sijui, ila niliitazama sana hiyo picha. Nikasema moyoni, masikini, na hawa nao wamepotelewa na mtu wao." Akamrudishia tangazo. "Nilirudi nyumbani nikamkuta ameketi pale, anasuka kamba. Nikampa maziwa."

Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini na kilio cha mgeni, Roza aliingia ndani akatoka na simu yake ya kupangusa, kioo kimepasuka. Alikuwa amempiga picha Mhehe amtumie dada yake kule kaskazini, amwone mgeni wao. Adrian amesimama mbele ya ukuta wa udongo, jua la saa sita linampiga usoni, amekunja macho, amekumbatia ndama. Kila kitu kilionekana: kovu la kidevu, pengo la jino, nywele zilizonyolewa, hata nyasi za ukutani nyuma yake.

Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi, limewekewa miiba mifugo isikanyage. Faustina alikuwa na kamera begani, wazazi wangetaka kuona. Aliifungua, akaweka jicho, akaishika ile pete. Aliizungusha kwenda, akairudisha, akaizungusha tena. Udongo ulikuja ukaondoka. Jicho lilikuwa limejaa maji, na kamera haikuwa na cha kumsaidia. Akaifunga. Roza ndiye aliyepiga picha ya kaburi, kwa simu.

Mzee Aroni aliposikia, alisema asifukuliwe; aliyemzika alimzika kwa heshima. Misa ilisomwa Iringa bila jeneza. Ile picha ya ndama Juliana aliisafisha bila malipo, akaichapa kubwa, Faustina akaipeleka Tosamaganga ikiwa imefungwa kwa khanga.

Mama Veneranda aliifungua sebuleni, waombolezaji wakiwa bado nje. Hakulia. Aliisogeza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole kwenye kidevu, kwenye pengo, kwenye mashavu.

"Hapa amenenepa," alisema.

"Ndiyo, mama. Walikuwa wanampa maziwa."

"Nani alimpiga hii?"

"Yule mama aliyekaa naye. Roza."

Mama Veneranda alitikisa kichwa taratibu, bado anatazama. Hakuwa na nia ya kumchoma mtu. Alikuwa mama anayemwona mwanawe.

"Amempiga vizuri," alisema. "Anaonekana."

Faustina akaitikia, "Ndiyo, mama," akaokota khanga sakafuni, akaanza kuikunja.