Mkono wa Kushoto wa Gauni la Kijani

Mama yangu na fundi wa kibanda cha pili walishona kwenye veranda moja pale Migori, cherehani zao zikitazamana, na hawakupendana hata kidogo. Mama ni Msabato, hufunga kibanda Jumamosi. Jirani yake ni Mkatoliki, hufunga Jumapili. Kwa hiyo mteja akija na kitambaa siku ambayo fundi wake hayupo, yule aliyepo humkaribisha kwa tabasamu pana na kumpima kiuno papo hapo. Jumatatu ndipo vita vinapoanza. "Wengine wakienda kuomba, wengine wanaomba wateja wa watu," Mama huiambia cherehani yake, kwa sauti ya kufika ng'ambo.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nauza dawa za mifugo katika duka la mtaa wa pili, na nilitaka kuwa elfi.

Mama hakujua elfi ni nini. Nikamweleza kwamba ni watu wa msituni katika hadithi za kubuni, warefu, masikio yamechongoka, hawazeeki. Akaacha kukanyaga cherehani.

"Nyathina, mwanangu, hiyo kitu ni jini?"

"Si jini, Mama. Ni hadithi tu."

"Na hawazeeki?"

"Hawazeeki."

"Basi hawajazaa," akasema, akaendelea kushona.

Vijana fulani wa Homa Bay walikuwa wameandaa kongamano la wapenzi wa hadithi za namna hiyo, siku moja ya Jumamosi, kila mtu aje amevaa kama kiumbe anayempenda. Watu hao nilikuwa nimewajua miaka minne kwenye simu tu. Mchana namuuzia mtu dawa ya kupe huku mawazo yangu yako kwenye falme za msituni, na Migori nzima sikuwa na hata mmoja wa kumsimulia. Niliitamani sana siku hiyo. Tena niliwaahidi kwamba nitafika nimevaa kamili, si nusunusu.

Masikio nilijitengenezea mwenyewe. Nilikata sponji ya godoro kwa wembe, nikaipaka gundi, kisha poda ya uso ya rangi yangu, tabaka kwa tabaka. Jozi ya kwanza ilitoka kama sambusa. Ya pili Mama alisema ni ya mbuzi aliyeshtuliwa. Ya tatu ilikubali.

Kitambaa kilikuwa pazia la mtumba, la kijani, zito. Mama alilinusa, akalifua mara mbili, akanipima huku akinung'unika kwamba pazia ni pazia hata ulipe jina gani. Lakini alipofika kwenye mikono, ile mirefu inayopanuka kuelekea kiganjani, alinyamaza. Ninamjua. Mama akinyamaza juu ya kitambaa, kazi imemnogea.

Shida ni kwamba shule zilikuwa zinafunguliwa. Kinyozi hajinyoi, na gauni la binti wa fundi lilisukumwa chini ya rundo la sketi za bluu za watoto wa watu. Ijumaa saa kumi na moja jioni lilikuwa na mkono mmoja tu, wa kulia. Mama akasimama, akaifunika cherehani kwa shuka lake, kama kila Ijumaa, saa nzima kabla jua halijazama na Sabato kuingia.

"Mama! Imebaki mkono mmoja!"

"Sabato haingojei mkono."

"Mungu angekuwa na binti, angeumalizia," nikasema.

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Mimi hata kifungo kinanishinda kushona. Nikakaa kwenye benchi la wateja nikalia, mtu mzima, watu wakipita na viroba vyao vya unga wakinitazama.

Mama akatazama ng'ambo. Kutoka cherehani yake hadi ile nyingine ni hatua tano, na sikuwahi kumwona akizivuka. Akalichukua gauni, akauchukua na ule mkono uliokatwa, pini zikiwa bado zimechomekwa, akaenda.

"Nyieka," akasema. Kwa Kijaluo ni mke mwenza, na wanawake walioolewa sehemu moja huitana hivyo kwa utani wa kupendana. Kati ya hawa wawili sikuwahi kulisikia. "Jua linanifukuza. Nisaidie mkono wa huyu mtoto."

Jirani akaligeuza gauni ndani nje, akapitia mshono mmoja mmoja kama askari wa mpakani Isebania anayepekua gunia. Nikajua sasa atasema. Alikuwa na maneno ya miaka tisa ya kusema.

"Hapa umeficha uzi namna gani?" akauliza.

Mama akamwonyesha. Kisha akaongeza, "Na uimalize kabla jua halijazama, isikuwe ni mimi nimekutuma kazi ya Sabato."

"Basi toka kwa mwangaza yangu!"

Wakacheka, wote wawili. Mama akabaki pale akilishikilia gauni lisiburute sakafuni, na mkono wa kushoto ulikamilika jua likiwa bado kwenye mabati ya duka la mkabala.

Homa Bay, upepo wa ziwa uliniondolea sikio la kulia langoni kabisa. Shujaa aliyevaa madebe ya mafuta ya kupikia alilikimbiza, akilia kama kengele kila hatua, akanirudishia akihema. Nilipomsikia akiongea nikaijua sauti yake: tulikuwa tumebishana kwenye simu miaka minne. Tukakumbatiana mpaka madebe yakabonyea. Sikushinda chochote siku hiyo, na nilifurahi kuwazidi walioshinda.

Jumapili nilimpelekea Mama picha pale kibandani. Kibanda cha pili kilikuwa kimefunikwa. Akaikuza kwa vidole viwili, akaupita uso wangu, akayapita masikio yaliyonilia wiki tatu, akasimama kwenye mkono wa kushoto. Akautazama sana.

"Huyu mwanamke anajua kazi," akasema, kama mtu aliyekasirishwa.

Mara akaja mzee mmoja na kitambaa cha suruali. Akakitazama kibanda kilichofungwa, akamgeukia Mama, kama wateja wanavyofanya siku zote. Niliuona mkono wa Mama ukipanda hadi kwenye tepu ya kupimia shingoni, ukasita, ukashuka.

"Fundi wako yuko misa," akamwambia. "Niachie kitambaa nimwekee. Kesho asubuhi atakupima."