Kupuliza Uji Usiokuwepo

Juzi nilikuwa kwenye benchi la watoa damu katika hospitali moja hapa Kakamega. Kando yangu aliketi mama mmoja kutoka Malava. Binti yake alikuwa wodini, amejifungua na kupoteza damu nyingi. Nesi akampima mama presha, akatikisa kichwa.

“Mama, presha iko juu. Hivi hatuwezi kukutoa damu.”

“Itakosaje kuwa juu? Mtoto wangu anaisha huko ndani!”

“Tulia, mama,” tukamwambia sote. Akazidi kutetemeka.

Nesi akachuchumaa mbele yake. “Vuta pumzi kwa pua, halafu itoe kwa mdomo. Puliza.”

Mama akapuliza kwa nguvu, mashavu yamevimba, mpaka kizunguzungu kikamshika.

“Huko ni kupuliza moto wa kuni mbichi,” nesi akasema. “Wewe puliza uji wa mtoto. Halafu tutapima tena.”

“Huyu huyu ndiye nilikuwa napulizianga uji,” mama akasema. Akakutanisha viganja kana kwamba ameshika kikombe, akafumba macho, akapuliza polepole, kwa muda mrefu. Mabega yakashuka.

Tunapenda kuambiana “tulia,” kana kwamba utulivu ni leso aliyoisahau mtu mfukoni. Nesi alimpa mama kazi ya kufanya.

Alipopimwa tena, presha ilikuwa imeshuka; akaambiwa akunje mkono wa gauni. Akaenda kutolewa damu huku bado anapuliza. Nikageuka kuwatazama wenzangu: benchi zima tulikuwa tunapuliza, tunampozea binti yake uji.