Siku Simu Ilipolia Tumboni Mwangu

Jamani, aibu hii nimekaa nayo wiki tatu, na leo naitoa mwenyewe kabla hamjaipata kwa Mama Wanja, maana yeye akiisimulia anaongeza chumvi na kusema kweli haihitaji chumvi. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, nilidanganya kanisa zima kwamba nina mimba. Sikusema hivyo kwa mdomo (hapo ndipo nilipokuwa najitetea), lakini nilidanganya.

Ilianza hivi. Mimi na mume wangu Bosco tulikuwa tunasubiri mtoto wa kuasili kutoka Kolombia. Kozi tulishamaliza, watu wa ustawi wa jamii walishatukagua mpaka makabati ya jikoni, kibali tukapewa, faili likaenda, na kilichobaki kilikuwa simu moja tu, ile ambayo Waswidi, ambao tunaishi kwao, wanaiita barnbesked, yaani afisa anakupigia kukwambia kuna mtoto, na mtoto huyo ni wenu mkimkubali. Inaweza kuja kesho, inaweza kuja baada ya miaka miwili. Basi nikawa siachani na simu. Nilioga nayo imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kazini (natunza wazee Spånga) kila mzee alijua kwamba simu ya huyu Mkenya ikilia, uji utasubiri.

Sasa Jumapili moja ya Novemba simu ikatetemeka katikati ya mahubiri, nami nikatoka mbio nimeziba mdomo kwa mkono ili nisipige kelele ya furaha mbele ya mchungaji, kumbe ni mtu anauza umeme. Nilikimbilia chooni kulia kidogo. Nilipotoka, Mama Wanja alikuwa amesimama mlangoni, na huyu ndiye kiongozi wetu wa akina mama, mwenye macho ya kuona mpaka ulichokula jana. Akanitazama usoni, akanitazama tumboni, akaniuliza polepole, "Sista, ni kile ninachofikiria?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nikatabasamu, nikatazama chini.

Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu nilikuwa nimeulizwa habari za mtoto kwa miaka tisa na nilichoka, na kwa sababu niliogopa, nasema wazi, niliogopa mtu mmoja tu aseme "mtoto wa watu" kabla hata sijauona uso wake. Nikajiambia simu itakuja wiki hii, nitawaeleza yote pamoja na habari njema, tutacheka. Wiki hiyo haikuja. Wala iliyofuata. Mama Wanja akaanza kuniletea uji wa wimbi kwenye thamosi, nikakatazwa kubeba viti, wazee wa kanisa wakaanza kuniachia nafasi karibu na hita, na kufika Februari niliona watu wanatazama tumbo langu kwa wasiwasi kana kwamba mtoto hakui. Nikafanya nini? Nikakunja leso mbili, khanga zangu za nyumbani, nikajifunga ndani ya gauni. Halafu (msinicheke) nikagundua kwamba kwenye mkunjo wa leso simu inakaa vizuri kuliko mfukoni, basi nikawa naibeba humo. Bosco aliponiona mara ya kwanza nimevaa hivyo aliniuliza nitawaambia lini. Nikasema simu ikija. Akasema basi tuombe isije tukiwa na watu.

Ijumaa moja ya Aprili Mama Wanja akaniita kwake Hjulsta, eti kuna maombi mafupi saa nane mchana. Ijumaa ndiyo siku yetu, kwa sababu wengi wetu Jumamosi tuko kwenye zamu. Pale kwake mlangoni unavua viatu, na simu unaiweka kwenye kikapu, hiyo ni sheria ya nyumba. Nikasema yangu nimeisahau nyumbani. Nikafungua mlango wa sebule, nikakuta maputo, pampasi zimepangwa kama keki ya harusi, soksi ndogo za kutosha kidole gumba, na akina mama kumi na wawili, Mama Wanja akiwa mbele yao, wakipiga vigelegele. Ilikuwa bebi shawa yangu.

Nilitaka kusema palepale. Lakini nikakalishwa, nikavishwa taji la karatasi, nikalishwa pilau, na kila nikifungua mdomo mtu anaongeza kijiko. Halafu ukaja ule mchezo wa kukisia tumbo ni la ukubwa gani, ambapo kila mmoja anakata kipande cha tishu halafu anakuja kukuzungushia aone kama kinafika. Nikasimama nimeshikilia leso kwa kiwiko, nikiomba fundo lisifunguke. Wa kwanza alikuwa Espérance, dada yetu wa Bukavu. Alikuwa ameinama, mikono yote miwili imenizunguka, sikio liko kwenye kitovu changu, simu ikalia.

Na haikulia hivihivi. Annika, yule afisa wetu, nilikuwa nimemwekea mlio wake peke yake ili nisimchanganye na wauza umeme: ngoma za Burundi alizorekodi Bosco kwenye harusi ya binamu yake. Kwa hiyo tumbo langu likapiga ngoma. Espérance akarudi nyuma taratibu, tishu mkononi, akasema, "Mama, tumbo iko nalia."

Mimi nilijua ni nani. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika tano, na ofisi yao Ijumaa inafunga saa tisa, kwa hiyo nikiikosa ni mpaka Jumatatu, na mimi mpaka Jumatatu nisingefika. Nikavuta fundo, fundo likakataa. Nikainua gauni mbele ya watu wote, nikazungukazunguka nikijifungua leso, ya kwanza ikaanguka, ya pili ikaanguka, na simu ikatumbukia kwenye sahani ya kachumbari. Nikaipokea hivyohivyo na vitunguu vyake, nikabonyeza spika bila kujua.

Annika akaniuliza kama nimekaa. Nikakaa chini sakafuni. Akasema, "Tuna mtoto wa kuwaeleza habari zake. Ni mvulana, ana miaka mitatu na miezi minne." Nikasema ndiyo. Akasema bado hajaniuliza kitu. Nikasema ndiyo tena. Akacheka, akanieleza kwamba anapenda matope na anaogopa mbwa, na kwamba mimi na Bosco twende Jumatatu tusome karatasi zake kwa utulivu. Nilikuwa na furaha ya kupasua kifua, nalia na kucheka, kamasi zinatoka, taji liko sikioni.

Nilipokata simu hakukuwa na cha kuficha tena. Wote wanajua Kiswidi. Nikasema, "Sina mimba. Sikuwa nayo hata siku moja. Mwanangu ni huyu mliyemsikia."

Mama Wanja alikaa kwenye kochi, juu ya puto, likapasuka, hakushtuka. Akasema, "Kila Jumatano alfajiri nimeliombea tumbo hilo. Kumbe naombea simu." Hakuna aliyecheka, na mimi nikaona aibu mpaka kwenye nyayo, kwa sababu alikuwa ameumia kweli. Nikamwomba msamaha nikiwa palepale chini. Akaokota soksi moja, akaigeuzageuza, akairudisha.

"Hizi hazimtoshi," akasema. "Mtoto anavaa kiatu namba ngapi?"

Sikujua. Espérance akasema, "Ile overoli ya Junior ya mwaka jana iko, ntakuletea." Mwingine akasema ana baiskeli ya magurudumu matatu. Na papo hapo wakaanza kubishana kama anakula ugali.

Ni mpaka mtu alipouliza baba amesemaje ndipo nilipokumbuka kwamba Bosco, aliyekuwa kazini Märsta akipakia mizigo, alikuwa hajui lolote. Baba wa mtoto alikuwa mtu wa kumi na nne kujua, na alijua kwa kupigiwa vigelegele kwenye spika.

Tunasafiri kwenda Kolombia kumchukua baada ya wiki sita. Nimeapa kwamba mtu akiniuliza jambo nitamjibu kwa maneno, na kama sitaki kujibu nitasema sitaki, lakini kutabasamu na kutazama chini nimekoma. Mama Wanja amenisamehe, anasema. Ila kila Jumapili, kabla hajanisalimia, ananigusa tumboni kwanza, nami namwacha, ni haki yake.