Shafti Changa Katika Motokaa Kuukuu

Dereva wa lori la mchele kutoka Kyela alivua kofia kabla hajanisalimu, nikajua kabeba msiba. "Yule mwenye motokaa wa Ipyana ametuacha," alisema. "Ni homa. Tumekwisha mzika." Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniona nikiuliza maswali kuliko kusifu watu, na marehemu mwenyewe asingependa nianze leo kumpaka mafuta. Alikuwa mchuuzi wa mchele, mbishi, mwenye majivuno, na kofia yake hakuivua ila kanisani. Lakini katika watu wote niliowahi kubishana nao, wakiwamo walimu wangu wa chuo kikuu, yeye peke yake ndiye aliyebisha akiwa na spana mkononi.

Motokaa yake ya milango minne ilikuwa kuukuu. Shafti ya gurudumu la nyuma ilipopata ufa, watu wa spea mjini walimwambia angoje meli kutoka Ulaya. Hakungoja. Alinunua mabaki ya motokaa ya aina ile ile, iliyotoka kiwandani miaka michache baada ya yake, ambayo meneja wa shamba la chai aliigongesha kwenye mti. Akaivuta hadi migombani kwake na kuanza kuhamisha vyuma. Wakati ule nilikuwa likizoni, nikaenda kumtazama.

"Tata," nilimwambia, kama tunavyowaita baba zetu na wanaume wa umri wao, "mjini wanasema shafti ya motokaa changa haiingii kwenye ile ya zamani."

"Waliijaribu?"

"Hawakusema."

"Basi wamesema nini?"

Majirani walimcheka kwa namna ambayo wa mbali wasingeielewa. Kwetu, tangu kale, wanaume wa rika moja hujenga kijiji chao na vijana chao, kila rika na lake. "Umewaweka wazee na vijana kijiji kimoja," walimwambia. "Watapigana hao!" Naye akajibu, "Wakipigana nitawaamua kwa nyundo."

Wakati mwingine walipigana kweli. Alihamisha breki za motokaa changa, bolti zikakubali zote, akatamba soko zima. Siku ya pili, njia ya Ngonga, mbuzi walikatiza mbele yake; akakanyaga breki, gurudumu moja likang'ang'ania na jingine likapita, motokaa ikageuka na kuingia kwenye mpunga. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua migongo. "Tata, siku hizi unapalilia kwa motokaa?" Alitoka matopeni, kofia kichwani. Nilimwuliza kwa uchokozi kama breki ziliingia. "Ziliingia," akasema. "Kuingia si kufaa." Akazing'oa siku ile ile. Kwa hiyo ilipofika zamu ya shafti, alizilaza zote mbili juu ya majani ya mgomba, akahesabu meno, akapima unene, akagundua kwamba tofauti yote iko kwenye beringi. Akahamisha shafti pamoja na beringi yake, maana aliona kuwa aliyemleta mgeni ampokee na mzigo wake.

Shafti hiyo ilikuwa haijatembezwa hata hadi barabarani, asubuhi mkwewe alipokwama katika uchungu wa kuzaa. Mumewe, mtoto wa marehemu, alikuwa migodini kusini. Wakunga walitoka ndani wakiwa wamekunja nyuso: apelekwe hospitali ya milimani leo hii, au tuwapoteze wote wawili. Mto wa njiani ulikuwa umeanza kujaa, na katika kijiji kile alijua kuendesha mtu mmoja tu, baba mkwe. Hapo ndipo uani palipochafuka. Kwetu mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, hatamki jina lake, wala hawakai chini ya paa moja. Na motokaa ina paa. "Huu si wakati wa mila!" nilipiga kelele. "Mpakieni!" Mzee mmoja wa kanisa aliniunga mkono; kina mama wakatuzomea wote wawili.

Marehemu hakubishana, na hiyo ilinishtua. Alimwita mkewe pembeni, wakanong'ona, mke akaingia ndani na kutoka tena. Kisha marehemu akaning'iniza shuka kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, akafungua kile kioo cha kutazamia nyuma na kukitia mfukoni. Alikwenda kusimama nyuma ya migomba mpaka mgonjwa na mama mkwe walipokwisha kupanda. Nilikaa mbele naye. Tulipita Busale, tukaanza kupanda milima, nami nikisikiliza shafti kuliko nilivyowahi kusikiliza hubiri lolote. Hakusema neno ila na mkewe, kwa sauti kubwa: "Mama, shikeni, shimo hilo!" Nyuma ya shuka mkewe alijibu, "Twende tu, tata. Twende." Shafti haikukatika. Mtoto alizaliwa hai, na mama yake akapona.

Baada ya habari za msiba nilishuka Kyela kutoa pole, nikamkuta mkwe huyo uani akipepeta mchele wa matanga. Nilimwambia nilichoamini miaka yote, kwamba shuka lile lilikuwa woga wa baba mkwe, na kwamba lilitupotezea muda ambao ungeweza kumwua.

Aliacha kupepeta. "Woga wake? Yeye alikuwa tayari kunibeba mgongoni. Mimi ndiye niliyekataa kupanda."

"Ungekufa."

"Ningekufa. Lakini kama ningepona, nilitaka kurudi kuishi na hawa wanawake bila kuinamisha kichwa. Yeye alimtuma mama mkwe aniulize nitapanda kwa namna gani. Nikasema namna, naye akaifanya. Wewe ulikuwa nje unapiga kelele. Uliniuliza nini?"

Sikumwuliza kitu. Sijaanza kuzipenda mila zote. Zipo ambazo mngenipa spana ningezing'oa kesho, na hilo nitaendelea kulisema. Lakini sisi tunaokaa kwenye mikutano siku hizi, tukipanga nchi hii iache nini na ibaki na nini, wengi wetu tuko uani, tukipiga kelele. Tangu sasa, kabla sijaandika hapa kwamba jambo fulani liondolewe au libaki, nitaingia ndani kwanza, niketi, nimwulize atakayesafiri nalo. Akinifukuza, nitarudi kesho yake kumwuliza tena.